Maswali ya Wasomaji: Nyuzi Ngapi Zinatosha Kukusanya Data?

Safari hii tumejibu wasomaji wanaoandika au kuendesha programu za kukusanya data: kurasa za wavuti, mita za umeme, logi za seva. Karibu wote wanalia kilio kimoja. Wameongeza nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, na kasi imegoma kupanda.

SWALI: Nina programu ya Python inayopakua kurasa na kuchukua bei za bidhaa. Kompyuta ina kori 4. Kwa nyuzi 8 ilikwenda vizuri. Nikapandisha hadi 64, kasi ikabaki pale pale, tena kila ukurasa sasa unachukua sekunde kadhaa. Kuna kanuni ya kuchagua idadi?

JIBU: Kanuni ipo, ila haianzi kwenye idadi ya kori. Inaanza kwa kujua uzi wako unapoteza muda wapi. Endesha programu kwa uzi mmoja, kurasa 200 hivi, na upime vipande vitatu kwa `time.perf_counter()`: kusubiri jibu la seva, kuchambua HTML, na kuandika matokeo. Tuseme wastani ni milisekunde 700 za kusubiri, 100 za kuchambua na 10 za kuandika. Jumla 810.

Uzi unaosubiri mtandao hauli prosesa, kwa hiyo hata nyuzi mia zinaweza kusubiri pamoja bila kugombana. Kuchambua ni habari nyingine. Python ya kawaida ina kufuli kuu liitwalo GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza kodi ya Python kwa wakati mmoja, mashine iwe na kori 4 au 40. Ikiwa kila ukurasa unadai milisekunde 100 za kuchambua, mchakato mmoja hauwezi kuvuka kurasa 10 kwa sekunde. Hiyo ndiyo dari yako. Ili kujua nyuzi zinazotosha kuifikia, zidisha kasi hiyo kwa muda wa ukurasa mmoja: 10 × 0.81, yaani nyuzi 8 na chembe. Nyuzi zote za ziada zinapanga foleni mbele ya GIL. Ukiweka 64, kila ukurasa utachukua 64 ÷ 10, sawa na sekunde 6.4, na kasi ya jumla itabaki ile ile 10. Ndicho unachokiona.

Na hizo 8 huenda hata hukuzichagua. Tangu Python 3.8, `ThreadPoolExecutor` isipopewa `max_workers` hujichukulia idadi ya kori ukijumlisha 4, isizidi 32. Kwa kori 4 inatoka 8.

Dawa basi ni kuinua dari. Kama unatumia BeautifulSoup na `html.parser`, badilisha uweke `lxml`, au acha kabisa BeautifulSoup ikiwa unachotaka ni sehemu tatu tu: `lxml.html` pamoja na XPath itakupa hizo tatu kwa gharama ndogo zaidi. Kuchambua kukishuka hadi milisekunde 25, dari inapanda hadi kurasa 40 kwa sekunde, na nyuzi zinazohitajika ni 40 × 0.735, kama 30 hivi. Sasa kuongeza nyuzi kuna maana.

Ikiwa bado haitoshi, hamishia uchambuzi kwenye michakato kwa `ProcessPoolExecutor`. Kwa kori 4, anza na michakato 3 na uiache kori moja kwa upakuaji. Tuma baiti ghafi za ukurasa, rudisha kamusi ndogo ya matokeo. Ukijaribu kurudisha mti mzima wa BeautifulSoup, kazi ya kuufungasha na kuufungua kati ya michakato itakula faida yote. Kuna pia Python isiyo na GIL, iliyoanza kama jaribio katika toleo la 3.13 la mwaka 2024. Kabla ya kuikimbilia, kagua maktaba zako zilizoandikwa kwa C: ukiingiza moja ambayo haijatangaza kuiunga mkono, GIL inawashwa tena na unabaki na onyo tu kwenye skrini.

Kuna mtego mmoja zaidi. Angalia logi kama ina maneno "Connection pool is full, discarding connection". Maktaba ya requests huhifadhi miunganisho 10 tu kwa kila seva. Nyuzi 30 zikitumia `Session` moja, miunganisho inayozidi hapo hutupwa baada ya ombi moja, na ombi linalofuata linaanza upya kupeana mikono: safari moja ya kwenda na kurudi kwa TCP, na nyingine moja kwa TLS 1.3 au mbili kwa TLS 1.2. Seva ikiwa umbali wa milisekunde 150 kwenda na kurudi, umejiongezea milisekunde 300 hadi 450 kwa kila ukurasa bila sababu. Unaweza kupandisha `pool_maxsize` ya `HTTPAdapter` ilingane na idadi ya nyuzi. Sisi tunapendelea kila uzi uwe na `Session` yake ndani ya `threading.local()`, kwa sababu kuichangia `Session` moja kati ya nyuzi si jambo ambalo maktaba hiyo inalidhamini.

Ukishasafisha hayo, tafuta idadi kwa vitendo: 4, 8, 16, 32, dakika 5 kila hatua, ukiandika kurasa kwa sekunde, makosa, na muda ambao asilimia 95 ya maombi yanakuwa yamejibiwa. Pale kuongeza maradufu kunapokupa chini ya asilimia 10, rudi hatua moja nyuma. Usibadilishe kitu kingine chochote katikati ya jaribio.

SWALI: Nimeweka `time.sleep(1)` baada ya kila ombi ili nisiisumbue seva, lakini bado napata kosa 429 (seva ikisema maombi yamezidi), na juzi anwani yangu ya IP ilifungiwa kabisa. Natumia nyuzi 20.

JIBU: Usingizi wako uko ndani ya kila uzi. Nyuzi 20, kila mmoja ukilala sekunde moja kivyake, bado zinaweza kukaribia maombi 20 kwa sekunde pale seva inapojibu haraka. Kikomo kinatakiwa kiwe kimoja kwa seva nzima: kitu cha pamoja chenye kufuli kinachokumbuka saa ya ombi linalofuata. Kila uzi ukifika unashika kufuli, unasoma saa yake, unaisogeza mbele kwa nusu sekunde (kama umeamua maombi 2 kwa sekunde), unaachia kufuli, ndipo unalala hadi saa yake ifike. Usilale ukiwa umeshika kufuli. Ukifanya hivyo, na kufuli hilo likiwa linahudumia seva zaidi ya moja, hata uzi unaotaka kwenda seva nyingine utakwama nyuma yako.

429 ikija, soma kichwa cha `Retry-After`. Huja ama kama idadi ya sekunde ama kama tarehe kamili, na programu nyingi hushughulikia namba tu halafu zinaanguka zikikutana na tarehe. Subira hiyo iwekwe kwenye kile kikomo cha pamoja, zisimame nyuzi zote za seva hiyo, maana uzi mmoja ukitulia na 19 zikaendelea kugonga, seva inaona mtu yule yule asiyesikia. Kichwa kikikosekana, subiri sekunde 2, kisha 4, 8, 16, na kila mara ongeza kiasi cha bahati nasibu ili nyuzi zisiamke kwa mkupuo. Baada ya majaribio 5, weka anwani hiyo kwenye orodha ya zilizoshindikana na uendelee.

Soma pia `robots.txt` ya tovuti husika, faili linalosema programu kama yako ziruhusiwe kupita wapi. Na kwa wasomaji wanaotuuliza namna ya kuzunguka kufungiwa kwa kubadilisha proksi (seva za kati zinazoficha anwani yako): hilo hatulijibu hapa. Aliyekufungia amekwisha kukujibu.

SWALI: Nyuzi 20 zinaandika kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Baada ya dakika chache: "database is locked". Nimeongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 60, kosa limepungua lakini programu imekuwa nzito sana.

JIBU: SQLite hukubali mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja kwa faili zima. Kuongeza muda wa kusubiri kumefanya nyuzi zako 19 zisimame kimya badala ya kulalamika. Uzito unaouona ni huo.

Toa kazi ya kuandika mikononi mwa nyuzi za upakuaji. Tengeneza `queue.Queue(maxsize=1000)`, nyuzi zote zitupie matokeo humo, na uzi mmoja tu ufungue hifadhidata na kuandika. Mwandishi huyo akusanye safu 500, au chochote alichonacho zikipita sekunde 2, kisha aziandike zote kwa `executemany` ndani ya muamala mmoja, yaani uandishi unaokamilishwa wote kwa pamoja. Tofauti ni kubwa kwa sababu kila muamala ukifungwa diski hulazimishwa kuhakikisha data imekaa. Safu 500 kwa miamala 500 ni kuilazimisha diski mara 500, kwa muamala mmoja ni mara moja.

Hiyo `maxsize` usiiache. Foleni isiyo na kikomo haizuii mtu: diski ikichelewa, data inajazana kwenye RAM hadi mfumo wa uendeshaji uiue programu. Foleni yenye kikomo ikijaa, nyuzi za upakuaji zinasubiri zenyewe. Wakati wa kufunga kazi, weka `None` kwenye foleni baada ya wapakuaji wote kumaliza, mwandishi akiiona aandike fungu la mwisho na kutoka. Wengi husahau lile fungu la mwisho, wakabaki wanajiuliza kwa nini kila usiku zinapotea safu chache.

Washa pia `PRAGMA journal_mode=WAL`, yaani mabadiliko yaandikwe kwanza kwenye faili la pembeni, wasomaji wasizuiwe na mwandishi, pamoja na `PRAGMA synchronous=NORMAL`. Umeme ukikatika katika hali hiyo, faili halitaharibika ila miamala ya mwisho inaweza kupotea. Kwa data unayoweza kupakua tena, ni biashara nzuri. WAL haifanyi kazi kwenye folda ya mtandao, faili liwe kwenye diski ya mashine yenyewe. Na ukiona faili lenye mwisho wa `-wal` linakua bila kukoma, tafuta programu iliyoacha muamala wa kusoma wazi.

SWALI: Tuna mita 30 za umeme kwenye waya mmoja wa RS-485, kwa itifaki ya Modbus RTU, kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Tunasoma rejista 10 (visanduku vya namba ndani ya mita) kwa kila mita na tunataka data kila sekunde 1. Kwa uzi mmoja mzunguko unachukua sekunde 2. Tukaweka nyuzi 8 na sasa tunapata makosa ya CRC (namba ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika) na wakati mwingine mita moja inaonyesha data ya nyingine.

JIBU: Rudisha uzi mmoja leo hii. Waya wa RS-485 ni daraja la gari moja: bwana mmoja anauliza, mita moja inajibu, kisha swali lingine. Nyuzi 8 zikiandika kwenye poti moja, maswali yanagongana juu ya waya (hapo ndipo CRC inapovunjika), au uzi mmoja unasoma jibu lililokuwa la mwenzake. Hitilafu ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu CRC yake ni sahihi na namba inaonekana ya kweli.

Sasa hesabu, maana hapa hesabu inasema mapema kama lengo linawezekana. Herufi moja ya Modbus RTU ni biti 11, kwa hiyo kwa 9600 inachukua milisekunde 1.146. Swali ni baiti 8. Jibu la rejista 10 ni baiti 25: anwani, namba ya kazi, hesabu ya baiti, data 20, na CRC 2. Jumla 33, sawa na milisekunde 38. Ongeza kimya cha herufi 3.5 baada ya swali na baada ya jibu, kama milisekunde 8. Tuseme mita inafikiri milisekunde 20 kabla ya kujibu. Mita moja ni 66, mita 30 ni karibu sekunde 2. Mzunguko wenu ni huo huo, programu haikuwa na kosa.

Kwa 19200 mnapata karibu sekunde 1.3. Kwa 38400, karibu 1.0, na hakuna nafasi iliyobaki hata ya jibu moja kuchelewa. Njia salama ni kugawa waya: mita 15 kwenye poti moja na 15 kwenye nyingine, zote kwa 19200, na kila poti iwe na uzi wake. Mzunguko utakuwa sekunde 0.65 hivi. Kanuni ya idadi ya nyuzi hapa ni rahisi kuliko ya wavuti: uzi mmoja kwa kila waya.

Kagua na kibadilishi cha USB. Vile vyenye chipu ya FTDI huja vikiwa vimepangwa kushikilia baiti chache hadi milisekunde 16 kabla ya kuzikabidhi kwa kompyuta. Kwenye Linux andika 1 ndani ya `/sys/bus/usb-serial/devices/ttyUSB0/latency_timer`. Kwa maswali 30 kwa mzunguko, unaweza kuokoa karibu nusu sekunde bila kununua chochote.

Mita iliyokufa nayo inaua mzunguko. Ukomo wa kusubiri ukiwa sekunde 1 na majaribio 3, mita moja iliyozimwa inawagharimu wengine sekunde 3. Weka ukomo wa milisekunde 200, jaribio la ziada moja, na mita ikishindwa mizunguko 3 mfululizo iondoe kwenye mzunguko, uiulize kila sekunde 60. Kabla ya kila swali futa bafa ya kupokelea, na jibu likifika linganisha anwani yake na ya mita uliyoiuliza. Jibu lililochelewa la mita ya 7 lisije likachukuliwa kuwa la mita ya 8.

Kama mnapitia kisanduku cha kubadili Modbus TCP kuwa RTU, poti 502 itakubali miunganisho kadhaa na itaonekana kama nyuzi zinasaidia. Nyuma ya kisanduku waya ni ule ule mmoja, foleni imehamia ndani yake tu. Na mkiweza, someni rejista zinazofuatana kwa swali moja: Modbus inaruhusu hadi 125 kwa mkupuo.

SWALI: Logstash yetu, programu ya kukusanya na kusafirisha logi, iko kwenye seva ya kori 8. `pipeline.workers`, yaani idadi ya nyuzi zake za kazi, ni 8, prosesa inatumika asilimia 30 tu, na logi zinachelewa. Tupandishe?

JIBU: Ndiyo. Prosesa ikiwa imelegea na logi zinachelewa, wafanyakazi wako wanasubiri upande wa kutoa, kwa kawaida Elasticsearch, hifadhi inayopokea logi hizo. Chaguo la msingi la `pipeline.workers` ni idadi ya kori, lakini si kikomo. Jaribu 16.

Pandisha pia `pipeline.batch.size`, yaani idadi ya matukio katika fungu moja, ambayo huanzia 125, ila si siku moja na wafanyakazi, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Kumbuka kuzidisha: wafanyakazi 16 kwa fungu la 1000 ni matukio 16,000 ndani ya kumbukumbu kwa wakati mmoja. Tukio moja likiwa na kilobaiti 2 za maandishi, huanzia megabaiti 32, na ndani ya JVM, mashine ya Java inayoendesha Logstash, linavimba kuliko ukubwa wake wa awali. Kagua `-Xms` na `-Xmx` (kumbukumbu ya kuanzia na ya juu kabisa) kwenye `jvm.options`, ziwe sawa. Elasticsearch ikianza kurudisha 429 umefika kwenye dari yake, na hapo nyuzi za Logstash hazina la kukusaidia. Ukihitaji matukio yatoke kwa mpangilio ule ule yalivyoingia, itabidi ubaki na mfanyakazi 1 kwa bomba hilo.

SWALI: Kila usiku programu yetu ya Python inaganda. Haianguki, haiandiki kosa, inakaa tu.

JIBU: Shuku kwanza `requests.get` isiyo na `timeout`. Haina ukomo wa kusubiri isipopewa, kwa hiyo seva iliyonyamaza katikati ya jibu inaushikilia uzi milele. Nyuzi zinapotea chache chache, hadi zinaisha. Weka `timeout=(5, 30)`: sekunde 5 za kuunganisha, 30 za kusubiri data. Hizo 30 huhesabiwa kati ya kipande na kipande, si kwa jibu lote. Seva inayodondosha baiti moja kila sekunde 20 itakupita hapo, kwa hiyo mafaili makubwa yapimie saa yako mwenyewe.

Kabla ya kuizima asubuhi, endesha `py-spy dump --pid` na namba ya mchakato. Itakuonyesha kila uzi umesimama kwenye mstari gani. Zikiwa zote ndani ya kusoma soketi, jibu ni hilo la juu. Zikiwa zimesimama kwenye `put` ya foleni, mwandishi amekufa. Hilo hutokea kimya kimya kwa sababu `ThreadPoolExecutor` huhifadhi kosa ndani ya `Future`, na usipoita `result()` hutaliona kamwe. Zungushia kazi yote ya uzi `try`, na kosa lolote lipeleke kwenye logi kabla ya kitu kingine.

Ukikuta badala yake "Too many open files", angalia `ulimit -n`, kikomo cha mafaili na miunganisho ambayo programu inaweza kufungua kwa pamoja. Mara nyingi kwenye Linux ni 1024. Usikimbilie kuipandisha. Endesha `ss -tn state close-wait`: orodha ikiwa ndefu, seva zilishakata na programu yako haijafunga upande wake, kwa kawaida ni maombi yenye `stream=True` ambayo hayakusomwa hadi mwisho. Yaweke ndani ya `with`. Ukipandisha kikomo bila kuziba hapo, itaganda Alhamisi badala ya Jumanne.